Picha za Arusi Zimekosa Sanduku

Majuzi nilialikwa arusini hapa Mombasa, usiku wa kupamba. Nilipofika mlangoni mwa ukumbi nilikuta meza, nyuma yake wasichana wawili waliovaa sare, na mbele yao kapu kubwa la ukindu, lile tulilozoea kuliona likitiwa mahamri. Safari hii lilijaa simu. Kila mwanamke akifika hutoa simu yake, ikatiwa katika kifuko cha kitambaa na kubandikwa nambari, naye akapewa kikaratasi chenye nambari hiyo hiyo. Asiyetaka hakulazimishwa, alionyeshwa njia ya kurudi kwao. Kadi ya mwaliko ilikuwa imekwisha kutuonya: watoto wabaki nyumbani, na simu pia.

Mbele yangu alisimama bibi mmoja mtu mzima, buibui lake la kizamani, amekamata kijisimu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii yangu haina macho," akasema. "Ni mulika mwizi."

Msichana akamwamkia kwa adabu, akaigeuza ile simu juu na chini kama anayekagua muhogo sokoni, akamrudishia. Bibi akaingia nayo ameinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi, sote tukacheka.

Aliyekuwa nyuma yangu hakucheka. Alikuwa mama kijana aliyemwacha mwanawe kwa jirani, na mtoto ana pumu. Akauliza, je, akipigiwa simu kwamba mtoto amebanwa, itakuwaje? Wale wasichana wakatazamana. Hawakuwa na jawabu, na si haki kuwalaumu, maana hawakuwekwa pale kutoa fatwa. Yule mama hakuingia. Alikaa kwenye kiti uani, simu mkononi, nami nikamtolea sahani ya biriani. Alikula kwa mkono mmoja huku akitazama kioo cha simu, na ngoma akaisikia kupitia ukutani.

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya kapu lile. Siku hizi limekuwa jambo la kawaida pwani, na kila mtu ana rai yake. Wako akina mama wanaolisifu, wanasema angalau sasa mtu anaweza kuvua buibui akastarehe. Wako wasichana wanaosema ni dharau: mtu umealikwa, umevaa, umetoa zawadi, kisha unapekuliwa kama unaingia gerezani. Na wako wanaume, ambao hawajawahi kulipita kapu lile wala hawatalipita, nao ndio wenye maneno mengi kuliko sote. Katika baraza moja ya kahawa huko Kibokoni, mzee mmoja alisikika akisema dawa ni wanawake waache kwenda arusini kabisa. Nilipopata habari hiyo nilitamani kumuuliza nani basi atampikia pilau siku ya arusi ya mwanawe.

Wengi hunena kana kwamba kabla ya simu hapakuwa na picha. Sivyo. Mombasa ni mji uliozoea kamera zamani. N. V. Parekh alifungua studio yake mjini humu mwaka 1942, na kwa miaka mingi watu wa kila kabila waliingia humo na nguo zao za sikukuu. Lamu nao walikuwa na studio ya Omar Said Bakor. Wanawake wa Kiislamu walipigwa picha, tena wakapenda. Sheria ya vitambulisho ilipogeuzwa mwaka 1978, wanawake nao wakatakiwa kuandikishwa, nakumbuka shangazi zangu wakinung'unika kwamba uso wao utatazamwa na kila askari. Wakanung'unika, wakaenda.

Mamangu alikuwa na picha yake ya bibi arusi. Ilikaa katika sanduku la njumu, chini kabisa, chini ya doti za kanga na kikopo cha udi, na ufunguo aliufunga katika ncha ya leso yake. Aliyetaka kuiona alikuwa aombe, na mama alikuwa na hiari ya kukataa. Katika utoto wangu wote niliiona mara mbili. Mara ya pili ni siku aliyokuja shoga yake kutoka Pate, wakafunga mlango wakaitazama wawili wao, wakacheka mpaka machozi, nami nikachungulia kwapani mwa mama.

Kisha zikaja video, miaka ya 1980. Mtafiti Minou Fuglesang alikaa Lamu akaandika kitabu kizima juu ya wasichana wa huko na mambo ya video, *Veils and Videos*, kilichotoka Stockholm mwaka 1994. Waliokuwa vijana wakati huo hawahitaji kitabu kuwakumbusha. Kwetu, arusi ya watu wenye uwezo haikukamilika bila kanda. Mpigaji akitafutwa mwanamke, taa kali ikiwashwa, mashangazi wakipangusa jasho la poda. Baada ya wiki mbili kanda ikatoka, moja tu, pengine mbili, na nyumba ya bibi arusi ikafurika wageni waliokuja kujitazama walivyocheza.

Sitaki kudanganya kwamba enzi hizo zilikuwa za malaika. Kanda zikiazimwa, na nyingine zilikawia kurudi kwa sababu zisizojulikana. Palikuwa na minong'ono kwamba fulani kaitazama na shemeji zake. Lakini mwenye kanda alijua alimpa nani. Ikichelewa alivaa buibui lake akaenda akabisha hodi: "Nimefuata kanda yangu." Aliyeichukua aliona haya, akaitoa. Picha ilikuwa kitu, na kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ana mahali pa kukiweka.

Simu imekiondoa kile kitu, ikabakisha sura peke yake. Tufikirie kwa utulivu jinsi inavyofanya kazi. Ukimpelekea mwenzako picha kwa WhatsApp, hukumpa picha. Umempa nakala, na yako umebaki nayo. Ukiipeleka katika kikundi cha wanawake sitini, zimezaliwa nakala sitini kwa kugusa kioo mara moja. Simu nyingi huihifadhi picha inayoingia pasipo mwenyewe kuamrisha, zikaiweka pamoja na picha za watoto wake na risiti za duka. Zipo pia zilizofungwa ili zihifadhi kila kitu katika mitambo ya kampuni ng'ambo, ili simu ikiibwa picha zisipotee. Na zile simu sitini hazikai sandukuni. Mtoto huichezea michezo, mume huiazima akiishiwa na salio, na kioo kikipasuka hupelekwa kwa fundi, ambaye huomba nambari ya siri ili ahakikishe inafanya kazi. Katika safari yote hiyo hapana aliyevunja amana kwa makusudi. Hapana hata wa kumbishia hodi.

Nayasema haya kwa sababu yametufika nyumbani kwetu. Mtoto wa kakangu, msichana wa chuo, mwenye stara zake, alikwenda arusi ya mwenzake mwaka 2019. Palichezwa chakacha, naye akacheza, kichwa wazi, kama walivyocheza mamake na nyanyake kabla yake katika mkusanyiko wa wanawake watupu. Shoga yake akapiga video ya sekunde kama ishirini. Hakuwa na nia mbaya. Alimpelekea dadake aliyeko Jeddah, ambaye alikuwa akililia kuiona arusi ile. Dada mtu akafurahi, akaiweka katika stetasi yake, ile sehemu ya WhatsApp ambapo picha hukaa saa 24 kisha ikatoweka. Alidhani wanaoitazama ni wanawake wenzake. Alisahau kwamba katika simu yake mlikuwa na nambari ya muuza samaki, ya fundi wa mabomba, na za waume wa binamu zake. Mmoja katika hao, hatujui nani mpaka leo, aliitoa akaipeleka mbele. Majuma mawili baadaye kijana wa ukoo wetu alionyeshwa video ile ndani ya matatu, Malindi, na mtu asiyemjua.

Wakati huo msichana alikuwa amekwisha kuposwa. Watu wa mume hawakuvunja posa. Walikuwa waungwana, walituma mama mmoja aje aulize kwa upole. Aliuliza kwa nini alicheza hivyo mbele ya kamera. Msichana alimjibu kwa heshima, akamwandalia chai, na alipoondoka akasema posa irudishwe. Nilikwenda kumsihi. Akaniambia, "Shangazi, angeniuliza nani aliirusha, ningeolewa naye mwanawe. Lakini wameniuliza mimi."

Tangu siku ile hakuhudhuria arusi hata moja. Anatuma zawadi.

Babake, ambaye ni kakangu mkubwa na ninamheshimu, alisema neno moja tu, na hilo neno limekaa kifuani mwangu miaka yote hii kama mwiba wa samaki. Alisema, "Asingalicheza." Sikumjibu. Kwetu mdogo hamjibu mkubwa mbele za watu, na siku ile nyumba ilijaa watu.

Lakini neno lile si la kakangu peke yake. Ndilo linalosemwa barazani, ndilo linalosemwa na akina mama wenyewe, na ukilichunguza sana kapu la mlangoni nalo linalisema kwa njia yake. Katika ile safari ya sekunde ishirini za video mna watu wa namna tatu: aliyechezea ndani ya stara yake, waliopiga na kupeleka, na waliotazama. Adabu zote tumemwekea wa kwanza, na kidogo wa pili. Yule wa tatu, ambaye pasipo yeye video isingevuka barabara, hatujamwekea hata meza mlangoni. Alikaa ndani ya matatu akatazama binti ya mtu asiyemjua, akampa jirani yake atazame, kisha akashuka akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alitazama.

Mimi si mwanachuoni, na sitaki kujitia katika mambo ya wenyewe. Lakini kila aliyepita chuoni anaijua Sura ya Nuru. Aya ya 27 inatufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao, na ndipo aya ya 31 inapowageukia wanawake. Mpangilio huo hatukuuweka sisi. Nimesikia mawaidha mengi juu ya simu, mengine mazuri sana, na takriban yote huanzia aya ya 31.

Wako wanaosema serikali iingilie. Imekwisha kuingilia, kwa kadiri yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data, na sura ya mtu ni katika hiyo data. Nayo si sheria ya kabatini: mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya starehe faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, imeyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Yule dada wa Jeddah aliyeiweka video kwa furaha, na yule wa matatu aliyeonyesha jirani yake, si rahisi sheria hii kuwafikia. Ipo nyingine ya mwaka 2018, ya makosa ya kompyuta, inayoadhibu kueneza picha chafu au za faraghani za mtu. Lakini msichana aliyevaa gauni refu akacheza, picha yake si chafu mbele ya hakimu. Uchungu wake ni wa kwetu, na mizani ya mahakama haikutengenezwa kuupima.

Wanaofikiwa na sheria ile ya 2019 pasina shaka ni wenye biashara, na hapa nina neno na wapambaji na wachoraji wa hina. Siku hizi bibi arusi hajainuka kitini, mikono yake ya piko na uso wake wa wanja vimekwisha kuwa tangazo. Wengi huomba ruhusa, na wapo wanaopiga mikono peke yake wakaacha uso, Mungu awabariki. Lakini ombi lenyewe hufanywa wakati gani? Hufanywa mwari ameketi, rangi haijakauka, mamake mlangoni anahimiza, na mpambaji ndiye mwenye brashi mkononi. Msichana gani atasema hapana? Ruhusa ya namna hiyo iombwe siku ya kulipa arbuni.

Haya, na je, tuvunje simu? Hapana, na sitaki nieleweke hivyo. Katika arusi ile niliyoitaja, dadake bibi arusi hakuwapo. Yuko Saudia, anafanya kazi za nyumba za watu kama mabinti zetu wengi, na ruhusa ya kuja hakupata. Mishahara yake ndiyo iliyolipa nusu ya vyakula vile tulivyokula. Mama wa arusi alikuwa amefikiria: simu moja, peke yake katika ukumbi mzima, ilikabidhiwa shangazi mmoja wa makamo. Alipotolewa bibi arusi, shangazi akaipiga Saudia, akaiinua, akamwonyesha yule binti dadake aliyepambwa, bila kumgeuzia mwingine yeyote. Tulimsikia akipiga kigelegele kutoka huko aliko, kigelegele chembamba cha mtu anayeogopa kusikiwa na mwajiri wake. Ukumbi mzima ukamjibu. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Yule shangazi ndiye niliyempenda kuliko kapu. Kapu halimjui mama wa mtoto mwenye pumu wala binti wa Saudia, na mlangoni hutuchukua sote kuwa wezi kwa usawa. Shangazi alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Kama kingetokea kitu, tulijua mlango wa kubisha hodi. Nasikia kuna arusi nyingine ambako hubandika karatasi ya gundi juu ya jicho la kamera, mtu akabaki na simu yake, na akiibandua inaonekana. Hilo nalo si baya. Yule mama wa uani angaliingia akakaa na wenzake.

Siku ya tatu baada ya arusi nilikwenda kumwamkia kakangu. Tulikuwa wawili tu barazani kwake, na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili akifanya kazi ya shule. Akaniuliza habari za arusi, nikamsimulia, na nilipofika kwenye kapu akacheka akasema wamefanya vyema, wanawake hawaaminiki na simu.

Nikamwambia, "Kaka, niazime simu yako."

Akanipa bila wasiwasi, maana hana siri, na kweli hana. Yumo katika vikundi vya WhatsApp kama wazee wote: cha mtaa, cha mpira, cha waliosoma pamoja. Nikafungua ghala la picha. Mlikuwa na mawaidha, mabao ya mpira, matangazo ya mazishi. Na kati ya hayo mlikuwa na video za arusi. Nilihesabu kumi na moja. Mabinti wa watu, vichwa wazi, wanacheza katika kumbi ambazo mimi na yeye hatukualikwa. Nikamrudishia simu, nikamwonyesha kwa kidole, sikusema neno.

Alivaa miwani yake. Alitazama ya kwanza kidogo, akaizima. Ya pili hakuifungua. Akasema polepole kwamba hakuziomba, zimeingia zenyewe, nyingine hata hakujua zimo. Nikamwambia najua.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia, "Futa hizi zote."

Mtoto akaichukua simu, akatazama, akauliza, "Babu, hawa ni akina nani?"

"Hatuwajui," kakangu akasema. "Futa."

Vidole vya mtoto vikapita upesi upesi, akamaliza, akamrudishia. Kakangu akauliza kama sasa zimetoka. Mtoto akasema bado, babu. Zimeingia kwenye pipa la taka la simu, zitakaa humo siku 30, ndipo zitapotea, isipokuwa uzifute tena na humo.

Kakangu akamnyoshea simu tena.